Kwa Nini Mashine ya Kufulia Haihitaji Intaneti

Muuzaji wa vifaa vya umeme anapomwonyesha mteja mashine ya kufulia au kiyoyozi kipya, mara nyingi huzinadi sifa mbili kwa pamoja kana kwamba ni sifa moja. Ya kwanza ni uwezo wa kifaa kujiendesha: mashine inapima uzito wa nguo, inakadiria maji yanayohitajika, na inajizima kazi inapokwisha. Ya pili ni kuunganishwa kwa kifaa hicho, kupitia intaneti, na seva, yaani kompyuta za mbali, za kampuni iliyokitengeneza. Sifa hizi hazitegemeani hata kidogo. Mashine zilizojikadiria wingi wa nguo na uchafu wake zilikuwa zikiuzwa Japani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati familia nyingi duniani zilikuwa hazijaisikia intaneti, kwa sababu hesabu zote zilifanywa na chipu ndogo iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Makala haya yanahusu sifa ya pili. Hoja yangu ni kwamba kwa vifaa vingi vya nyumbani muunganisho huo haumpi mwenye kifaa faida ya maana, ilhali unayahamisha mamlaka juu ya kitu alichokilipia kutoka mikononi mwake na kuyaweka mahali asipoweza kupafikia.

Ili kuona tatizo linapoanzia, tuifuate amri moja ndogo kabisa. Mtu ameketi sebuleni kwake Mwanza na anataka kuiwasha kwa simu balbu iliyo darini juu yake. Katika balbu nyingi za aina hii, hasa zile za bei nafuu, amri hiyo haiendi moja kwa moja kwenye balbu. Inatoka kwenye simu na kuingia kwenye ruta, inapokelewa na kampuni inayotoa huduma ya intaneti, inasafiri nchi kavu hadi pwani, inapita kwenye mkongo wa chini ya bahari, na kufika kwenye seva iliyoko Ulaya, Asia au Marekani. Seva inahakiki kwamba akaunti ni halali, inaitafuta balbu iliyosajiliwa kwa akaunti hiyo, kisha inairudisha amri Mwanza kwa safari nyingine ya namna ileile. Siku mambo yakienda sawa, yote haya huisha kabla mtu hajaondoa kidole kwenye kioo cha simu, na ndiyo maana wengi hawajui kwamba kuwasha taa ya nyumbani kwao kumekuwa ombi linalosubiri kukubaliwa bara jingine.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili inayoihudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota au kukatika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu. Uganda ilikuwa imewahi kukaa takriban siku tano bila intaneti mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, kwa sababu serikali iliagiza izimwe. Swichi ya ukutani haijui habari ya mikongo wala ya uchaguzi. Kifaa kinachosubiri kibali cha seva ya mbali hukosa la kufanya katika nyakati kama hizo, hata kama umeme upo na kifaa ni kizima.

Wala tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi zenye mikongo michache tu. Tarehe 7 Desemba 2021 vituo vya seva vya Amazon vilivyoko kaskazini mwa jimbo la Virginia vilipata hitilafu iliyodumu kwa saa nyingi, na Wamarekani wenye kasi kubwa ya intaneti majumbani walijikuta hawawezi kuona picha za kamera zao za mlangoni wala kuziamuru kwa simu mashine zao za kufagia sakafu. Waliokuwa na mashine za Roomba walisalimika kwa kiasi fulani, kwa kuwa zina kitufe juu yake na mtu akikibonyeza mashine inafagia. Naomba msomaji akikumbuke kitufe hicho, kwa sababu tofauti kati ya muunganisho usio na madhara makubwa na ule unaomfunga mtu iko hapo hapo: je, kazi ya msingi ya kifaa inaweza kufanyika kwa mkono wa mwenye nyumba, bila idhini ya mtu mwingine yeyote?

Kukatika kwa mtandao huwa ni kwa saa au siku chache. Kuna kukatika kwingine ambako hakurejei. Jokofu likitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15, na nyumba nyingi zetu zina pasi au feni iliyorithiwa kutoka kwa mzazi. Programu inayokiendesha kifaa haina umri huo, kwa maana inahitaji watu wa kuisasisha, seva za kulipiwa kila mwezi, na kampuni ambayo bado ipo na bado inaona sababu ya kuendelea kulipa. Mwaka 2014 kampuni ya Nest, iliyokuwa imenunuliwa na Google mwanzoni mwa mwaka huohuo, iliinunua kampuni ndogo ya Revolv iliyouza kwa takriban dola 300 kifaa cha kuunganisha taa, kufuli na vidhibiti vya joto. Tarehe 15 Mei 2016 seva za Revolv zilizimwa, na vifaa vile vikageuka kuwa maboksi matupu, ingawa hakuna waya uliokuwa umeungua ndani yake. Aprili 2022 wateja wa kampuni ya Insteon waliamka na kukuta vifaa vyao haviwasiliani tena, bila taarifa ya mapema. Huduma ilirejea miezi michache baadaye kwa sababu tu kundi la watumiaji liliamua kuinunua kampuni yenyewe. Tarehe 25 Oktoba 2025 Google iliacha kuvihudumia vidhibiti vya joto vya Nest vya kizazi cha kwanza na cha pili, vilivyotoka mwaka 2011 na 2012, na vikaacha kuitika kwa simu, ingawa bado vinaweza kuzungushwa kwa mkono ukutani. Tarehe 31 Januari 2026 ikawa zamu ya soketi na swichi nyingi za Wemo zinazotengenezwa na kampuni ya Belkin.

Tazama kwamba katika visa hivi vyote hakuna fundi ambaye angeweza kusaidia. Fundi wetu wa mtaani ana ustadi wa kubadilisha kompresa, kusuka upya mota ya feni, au kutafuta kapasita iliyovimba kwenye bodi ya runinga na kuing'oa, na ujuzi huo umeokoa mamilioni ya vifaa ambavyo watengenezaji walikwisha kuvisahau. Hana namna ya kuifufua seva iliyozimwa California. Uharibifu wa aina hii unauvunja utaratibu mzima wa matengenezo ambao familia za kipato cha kawaida zimeutegemea miaka yote, na binafsi naliona hili kuwa dhara kubwa kuliko mengine yote, ingawa linazungumzwa kidogo kuliko udukuzi.

Hata kampuni ikiwa hai na yenye nguvu, mwenye kifaa anabaki kama mpangaji ambaye mwenye nyumba anaweza kuingia wakati wowote na kupanga samani upya. Mwezi Septemba 2025 Samsung ilithibitisha kwamba imeanza nchini Marekani majaribio ya kuonyesha matangazo ya biashara kwenye vioo vya baadhi ya majokofu yake ya Family Hub. Hayakuwa majokofu mapya yaliyouzwa kwa punguzo ili mteja avumilie matangazo. Yalikuwa yamekwisha kununuliwa, kwa bei ya maelfu ya dola, yakiwa yamesimama jikoni kwa watu, na matangazo yakaletwa kwa njia ya sasisho la programu.

Kwa nini basi kampuni zinang'ang'ania kuviunganisha vitu ambavyo havina haja hiyo? Mwezi Januari 2023 LG iliripotiwa kukiri kwamba chini ya nusu ya vifaa vyake vyenye uwezo huo ndivyo vilivyokuwa vimeunganishwa na wanunuzi, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni wateja wanaoulilia. Jibu linaonekana vizuri zaidi kwenye runinga, ambako jambo hili limekwenda mbali.

Runinga nyingi za kisasa zina programu inayonakili kila mara vipande vidogo vya picha iliyopo kwenye kioo na kuvituma kwenye seva, ambako hulinganishwa na hazina kubwa ya filamu, vipindi na matangazo hadi kijulikane hasa kinachotazamwa. Programu hiyo haijali picha imetoka wapi: inaweza kuwa king'amuzi, deki ya zamani, kompyuta au mchezo wa watoto. Mwezi Februari 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kumaliza shauri lililoletwa na Tume ya Biashara ya Marekani pamoja na jimbo la New Jersey. Mamlaka hizo zilidai kwamba runinga milioni 11 za Vizio zilikuwa zikirekodi sekunde kwa sekunde kile ambacho familia zinatazama, bila ridhaa yao, tangu mwaka 2014, na kwamba habari hizo ziliuzwa kwa wafanyabiashara wengine. Kuna jambo moja katika shauri hilo ambalo halipaswi kupita hivi hivi: runinga zilizouzwa kabla teknolojia hiyo haijawekwa ziliwekewa baadaye, kwa mbali, zikiwa tayari sebuleni kwa watu. Miaka michache baadaye, katika robo ya tatu ya mwaka 2021, faida ghafi ya Vizio iliyotokana na matangazo na data ilizidi mara mbili ile iliyotokana na kuuza vifaa vyenyewe. Ukishaijua hesabu hiyo, hutashangaa tena kwamba runinga kubwa zinauzwa kwa bei ya chini kiasi kile, wala kwamba inazidi kuwa vigumu kupata isiyo na intaneti.

Kwa mashine zenye kamera mambo ni mazito zaidi. Desemba 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kwamba picha zilizopigwa na mashine za majaribio za Roomba, mojawapo ikiwa ya mwanamke aliyeketi chooni, zilikuwa zimevuja na kuwekwa mitandaoni na vibarua wa Venezuela walioajiriwa kuziwekea alama picha ili kompyuta ijifunze. Kampuni ilieleza kwamba mashine zile zilikuwa maalumu kwa utafiti na kwamba waliozitumia walikuwa wamekubali. Maelezo hayo yanaweza kuwa ya kweli yote, na bado yakatuonyesha umbali ambao picha ya chooni inaweza kusafiri na idadi ya mikono inayoweza kupita.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Zote zinadai kwamba mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Katika uhalisia wa sebuleni, kujulishwa kwenyewe ni ukurasa mrefu wa Kiingereza unaojitokeza siku runinga inapofunguliwa kwenye boksi, familia nzima ikiwa imesimama kusubiri picha, na rimoti ikiwa na kitufe cha kukubali kilichokwisha kuchaguliwa. Mtu akikataa, baadhi ya huduma hazifunguki. Siwezi kuiita hiyo ridhaa.

Usalama ni suala linalofahamika zaidi, lakini hufafanuliwa vibaya, kana kwamba hatari ni mdukuzi anayetaka kuona umepika nini. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, ambao baadaye walikiri mahakamani, walitengeneza programu hasidi iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ufundi wa ajabu. Ilizunguka kwenye intaneti ikitafuta kamera za ulinzi, mashine za kurekodia picha za kamera hizo, na ruta za nyumbani, kisha ikajaribu orodha fupi ya majina na nywila zilizowekwa kiwandani, jozi 60 na kitu, za mfano wa "admin" na "12345". Kifaa kilichofunguka kiliandikishwa katika jeshi linalosubiri amri, na mwenye nacho hakuona dalili yoyote kwa kuwa kamera iliendelea kupiga picha kama kawaida. Kwenye baadhi ya vifaa nywila ilikuwa imechomekwa ndani kabisa ya programu ya kiwandani, hivyo hata mtu mwangalifu hakuwa na mahali pa kuibadilisha. Mirai ilipotolewa hadharani mwishoni mwa Septemba, wengine wakaichukua, na tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vilivyotekwa viliielemea kwa maombi ya uongo kampuni ya Dyn, ambayo kazi yake ilikuwa kuelekeza kompyuta zilipo tovuti. Twitter, Netflix, Reddit na Spotify zikawa hazipatikani kwa mamilioni ya watu kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo anayeumia mara nyingi si mwenye kamera, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mnunuzi haoni madhara, muuzaji ameshapokea fedha zake, na mtengenezaji wa kamera ya bei rahisi hana sababu ya kugharimia masasisho kwa miaka kumi. Soko peke yake halirekebishi hali ya namna hiyo. Uingereza ilianza kutekeleza tarehe 29 Aprili 2024 sheria inayopiga marufuku nywila za kiwandani zinazofanana au kubashirika kirahisi, na inayomlazimu mtengenezaji kutaja kipindi ambacho kifaa kitapata masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya una kanuni yake iliyopitishwa mwaka 2024, ambayo masharti yake makuu yataanza Desemba 2027. Ningependa kuona mashirika yetu ya viwango yakidai jambo moja tu kwa kuanzia, nalo ni tarehe ya mwisho ya masasisho kuchapishwa kwenye boksi, kama inavyochapishwa kwenye dawa. Vinginevyo bidhaa zitakazokataliwa huko zitatafuta bandari za Mombasa na Dar es Salaam.

Si haki kusema kwamba kila muunganisho hauna faida. Jokofu la chanjo kwenye zahanati ya mbali linaloweza kutoa taarifa joto linapopanda linaokoa dozi ambazo zingeharibika usiku bila mtu kujua. Kampuni ya M-KOPA, iliyoanza kuuza Kenya mwaka 2012, iliweka laini ya simu ndani ya mitambo yake ya sola ili mteja alipe kidogo kidogo kwa M-Pesa na mtambo ufunguke kadiri anavyolipa, na bila mpango huo familia nyingi zisingepata taa ile kwa mkopo. Mteja anajua kwa nini laini imo mle ndani na anapata kitu kwa kukubali iwekwe. Sina ugomvi na muunganisho unaojieleza hivyo. Ugomvi wangu ni na birika la maji, pasi, tanuri na mashine ya kufulia, ambavyo kazi yake yote inamtaka mtu awepo palepale: nguo hazijiweki zenyewe ndani ya mashine, na aliyeziweka amesimama mbele ya kitufe.

Hata pale ambapo kifaa kinahitaji kweli kupokea ujumbe kutoka mbali, intaneti si njia pekee, na mfano bora tunao ukutani. Mita ya LUKU, sawa na mita za tokeni za Kenya na zile za Yaka za Uganda, hufuata mfumo uliobuniwa Afrika Kusini ambamo malipo husafiri ndani ya tarakimu 20. Tarakimu hizo zimefungwa kwa siri inayoweza kufunguliwa na mita moja tu. Ndani yake mna kiasi cha umeme na muda tokeni ilipotengenezwa, ili isitumike mara mbili. Mtu akishazibonyeza kwenye vitufe, mita inazifungua yenyewe, inakagua, inaongeza yuniti, na haimuulizi mtu wala seva. Tokeni inaweza kufika kwa ujumbe wa simu, kwa karatasi, au kwa kusomewa na jirani kwa sauti.

Mfumo huo ulipata mtihani mkubwa hivi karibuni. Mita hizo zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo, dakika 16,777,216, ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo, mita isiyosasishwa isingekubali tokeni mpya. Mamilioni ya mita, zikiwemo za vijiji visivyo na mtandao wa simu wa kuaminika, zilihitaji kubadilishiwa ufunguo wa ndani. Kazi hiyo ilifanyika kwa wenye nyumba kuingiza makundi mawili ya tarakimu 20 kabla ya kuingiza tokeni ya umeme waliyonunua. Mtu mwenye kikaratasi alibadilisha ufunguo wa ndani wa kifaa cha umeme kwa vidole vyake, bila nywila, bila akaunti, na bila kumfungulia mtu mwingine yeyote mlango wa kuingia kwenye mita hiyo. Anayedai kwamba kifaa cha nyumbani hakiwezi kuwa salama na cha kisasa bila kukaa mtandaoni saa zote anapaswa kuueleza kwanza mfano huu.

Kwa anayenunua leo, njia zipo. Tangu mwaka 2022 kuna kiwango kiitwacho Matter, ambacho huviwezesha balbu, soketi na vifaa vingine kupokea amri ndani ya nyumba hiyohiyo bila kupitia seva ya mbali, na alama yake huchapishwa kwenye boksi. Runinga inaweza kuachwa bila kupewa nywila ya Wi-Fi kabisa, kisha filamu za mtandaoni zikaonyeshwa kwa kifaa kidogo cha kuchomeka, ambacho nacho hukusanya habari lakini angalau kikizeeka hutupwa chenyewe na runinga ikabaki. Kamera zinazolazimika kuwa mtandaoni ziwekwe kwenye mtandao wa wageni wa ruta, mbali na kompyuta na simu za familia, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo ya kuzifunga. Dukani, muuzaji aombwe akiwashe kifaa na kukifanyisha kazi yake yote bila kukiunganisha popote. Kama mashine inakataa kuanza kufua mpaka mteja afungue akaunti, hiyo ni sababu tosha ya kuiacha.

Anayenunua vifaa vilivyotumika kutoka Dubai au Ulaya ana jambo jingine la kuangalia. Kifaa kilichosajiliwa kwa akaunti ya mwenye nacho wa kwanza kinaweza kubaki chini ya akaunti hiyo hata kikivuka bahari, na akaunti hiyo ikaendelea kukiona na kukiamuru, au kikakataa kusajiliwa upya kwa jina la mnunuzi. Kabla ya kutoa fedha, kirudishwe kwenye hali ya kiwandani mbele ya mnunuzi, kizimwe, kiwashwe tena, na ionekane kwamba kinaanza bila kumtaja mtu wa zamani.